Nimeng'oa kopo la filta ya oili kwenye Land Rover Series III: yaliyonipata (uzi mrefu)

Kigari_Kikuukuu (Likoni)

Asalam aleikum, na wengine nyote hamjambo. Niliahidi kuandika kazi hii ikimalizika, basi haya.

Gari ni Land Rover Series III ya mzee wangu, 109 (ile ndefu), ya petroli, injini ile ya 2.25, cc 2286. Iliundwa Thika enzi kiwanda kile kikiitwa Leyland, ikashushwa Pwani ikiwa mpya na haijarudi bara tena. Mzee ameacha kuendesha, imekuwa yangu, na kuvuja kwake pia kumekuwa kwangu.

Kwa asiyezijua injini hizi, filta yake ya oili si ile unayoizungusha kwa mkono ukaitupa. Ubavuni mwa bloku pana kichwa cha aluminiamu kilichoshikwa na bolti mbili. (Nikisema kichwa humu sisemi silinda hedi, tusije tukagombana.) Chini ya kichwa limening'inia kopo la chuma, ndani ya kopo mna filta ya karatasi, na bolti moja ndefu inapanda toka kitako cha kopo mpaka kwenye kichwa. Kinachozuia oili isitoke ni ringi ya mpira inayokaa ndani ya mfereji wa kichwa, mdomo wa kopo ukaigandamiza.

Pale ndipo palipokuwa pakivuja. Nimebadilisha filta mara tatu, kila mara na ringi mpya. Siku ya kwanza kavu, ya pili kavu, ya tatu nikiamka kuna doa uani ukubwa wa sahani, na mamangu ashasimama juu yake mikono kiunoni. Nikikaza bolti zaidi, kopo linaanza kujipinda. Na kuipata hiyo filta ya karatasi nako ni kazi. Duka la kwanza wakuuliza kama ni ya trekta, la pili wakuletea ya lori, la tatu wakwambia rudi Alhamisi.

Nikaamua kung'oa. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni adapta ndogo inayoingia mahali pa kopo, kichwa cha zamani kikabaki palepale. Juu inakaa kwenye mfereji uleule, chini yake wafunga filta ya kisasa. Hiyo niliikataa kwa sababu mfereji uleule ndio uliokuwa ukinitesa. Ya pili ni kuvua kichwa kizima ukafunga kile cha injini ya 2.5 iliyokuja baadaye kwenye Land Rover za 90 na 110. Bloku zile ni ndugu, bolti ni mbili zilezile, gasketi kati yake, na filta inaning'inia mdomo juu kama lilivyokuwa kopo.

Nilikitafuta kichwa hicho kwenye vyuma chakavu Shimanzi. Jamaa akaniletea kwanza cha 200Tdi, injini ya dizeli ya Land Rover za baadaye, kina matundu mawili ya mabomba ya kwenda kwenye rejeta ya oili. Kinafunga, lakini matundu yale lazima uyashughulikie, na mimi sikutaka mabomba mapya kwenye gari linalovuja mabomba ya zamani. Nikangoja akapata kile kitupu cha 2.5.

Sasa kazi yenyewe. Niliwasha injini dakika tano oili ipate moto kidogo, nikaifungua chini. Lita sita za sampu (lile bakuli la oili chini ya injini), na karibu lita moja nyingine iliyo kwenye filta. Wengi huisahau hiyo ya filta, wanaweka beseni la lita tano halafu wanaanza kukimbia kutafuta sufuria. Oili chafu haikulala kwangu, jirani aliichukua kupaka nguzo za banda lake, mchwa wamemshinda.

Kopo lilitoka bila shida. Bolti mbili za kichwa ndizo zilizonifunza adabu. Chuma ndani ya aluminiamu, miaka arobaini na kitu, na nyumba ikiwa hatua mia tatu toka baharini. Chumvi ya hewani huota ule unga mweupe ukajaza tundu lote mpaka bolti na kichwa vikawa kitu kimoja. Ya kwanza ilikubali. Ya pili niliigonga kichwani taratibu kwa nyundo ndogo, nikaitia mafuta ya taa niliyoyachanganya na oili nyembamba, nikaiacha usiku kucha. Kesho yake nikaipa nusu ya nusu ya mzunguko kulegeza, nikairudisha kukaza, nikalegeza tena. Asubuhi yote ilikwenda hapo. Anayetaka kuimaliza kwa bomba refu kwenye spana ajue ikikatikia ndani ya bloku amejipa safari ya kwa mkerezaji. Na chukueni spana za inchi. Ya milimita itashika kidogo halafu itakula pembe za bolti.

Kukwangua gasketi ya zamani: ziba tundu la oili kwa kitambaa kisafi kwanza. Kila unachokwangua kikiingia mle, kinakwenda moja kwa moja kwenye beringi, maana hapo tayari ni nje ya pampu.

Swichi ya taa ya oili imo kwenye kichwa. Kichwa changu kilikuja na yake. Yako ya zamani usiilazimishe. Izungushe kwa vidole, ikikataa kwa vidole basi hesi zake (ile mikunjo ya kuzungushia) si hizo.

Halafu filta. Hapa nusura nijichome.

Msumari wa kichwa hiki, ule wenye hesi unaozungushiwa filta, ni robo tatu ya inchi, hesi 16 kwa inchi. Nilikwenda duka moja mjini, sitalitaja, kijana akanipa filta akaniambia "hii yaingia zote hizo." Nikarudi nayo, nikaipaka oili kwenye mpira, nikazungusha. Ikaingia. Tena kwa raha sana, ikicheza kidogo kama kofia ya mtu mwingine. Mpira ukagusa, nikaanza ile robo tatu ya mwisho ya kukaza, na mkononi nikasikia *tik*. Filta ikalegea. Nikakaza tena, *tik*.

Nikaivua nikaipeleka kwenye mwanga. Pembeni mwa kopo, maandishi madogo: M20 x 1.5. Milimita 20, mimi msumari wangu ni 19.05. Umbali wa hesi mmoja hadi mwingine karibu ni uleule, 1.5 kwa 1.59, ndiyo maana inakubali kuingia. Ila inashika kwa ncha tu. Lau ningeiwasha, oili baridi ya kwanza kupanda ingeing'oa filta ikaitupa chini, na lita saba zingetoka kabla sijafika kwenye ufunguo.

Yule kijana alinibadilishia bila maneno. Hiyo ya pili ilikuwa na hesi sawa, lakini mpira wake mpana, nusu yake wakaa nje ya uso wa kichwa. Ikarudi nayo. Ya tatu ndiyo. Kwa hiyo nenda dukani na kichwa chenyewe mkononi kabla hujakifunga, uizungushe filta palepale juu ya kaunta. Watakucheka, wacha wacheke.

Kabla ya kuifunga niliijaza oili, kwa kuwa inasimama mdomo juu haimwagiki. Nikavua waya mkubwa wa koili, nikazungusha kwa stata mpaka taa ya oili ikazima. Nikarudisha waya, nikawasha. Kavu. Siku ya tatu, kavu. Leo ya tisa.

Maswali karibuni.

Dizeli_Mtupu (Mtwapa)

Kazi safi shekhe. Mimi yangu ni 2.25 dizeli. Kichwa hichohicho?

Kigari_Kikuukuu

Hichohicho. Kwako hakuna waya wa koili wa kuvua, vuta kebo ya kuzimia injini ukizungusha stata, isishike mpaka taa izime.

Mpita_Njia (Kisauni)

Nina pikapu ya Kijapani ya zamani, nayo yavuja hapo kwa filta. Nikipata kichwa hicho itaingia?

Kigari_Kikuukuu

Haiingii ndugu. Kila bloku na uso wake. Yako fungua uone inavuja wapi kwanza, pengine ni o-ringi tu.

Binti_Spana (Changamwe)

Kaka hongera, na hiyo ya M20 watu waisome mara mbili. Mimi nimeiona ikitokea, si kuisikia. Gari lilitoka gereji, likafika kona ya kwanza, barabara nzima nyeusi. Injini ilikufa palepale na dereva hakujua, maana taa ya oili kwenye gari lile balbu yake ilikuwa imeungua zamani.

Nina la kuongeza. Umetaja hesi na mpira, hukutaja vali. Kichwa cha zamani kina vali ya kupitishia oili pembeni. Filta ikiziba, au oili ikiwa nzito asubuhi, vali inafunguka, oili inapita bila kuchujwa. Chafu ni afadhali kuliko kukosa. Ukibadilisha kichwa au ukifunga adapta, lazima ujue vali hiyo sasa iko wapi. Ama imo kwenye kichwa, ama imo ndani ya filta. Isipokuwa popote, siku filta ikiziba beringi zinakauka, au karatasi inapasuka na vipande vinasafiri. Geuza filta utazame kitako chake kwa ndani, utaona kisahani chenye springi. Za bei ya chini sana nyingine hazina kitu mle.

Na ile ngozi ya mpira iliyo mdomoni, ya kuzuia oili isirudi: kwako haina umuhimu mkubwa kwa sababu filta imesimama mdomo juu. Kwa wale ambao filta imelala ubavu, bila ngozi hiyo kila asubuhi injini inaanza kavu, utasikia inagonga sekunde kadhaa kabla haijatulia.

Presha umepima?

Kigari_Kikuukuu

Ahsante dada. Vali imo ndani ya filta hii, nimetazama sasa hivi kwa tochi ya simu kwenye ile ya akiba. Presha sijapima, sina geji. Taa yazima vizuri.

Binti_Spana

Taa si geji. Taa inazima mapema sana, inakwambia tu kwamba kuna presha kidogo. Kitabu cha injini hiyo kinataka pauni 35 hadi 65 kwa inchi ya mraba, injini moto, mizunguko 2000 kwa dakika. Jumamosi niko Likoni kwa shangazi, nitakuja nayo.

Chuma_Kongwe (Kibokoni)

Nimesoma yote, na chai yangu imepoa.

Mwanangu, kazi umeifanya vyema, sikuvunji moyo. Lakini kopo lile limekaa tangu Nyayo mpya, wewe wala hujazaliwa, na halikuwa likivuja. Babako namjua, tumepanga foleni ya feri pamoja miaka, gari lake chini kavu. Sasa kitu kilichokuwa hakivuji kikaanza kuvuja, wewe wakitoa. Hukukiuliza kwa nini.

Tena kopo lina faida msiyoijua nyinyi wa filta za kutupa. Ukilishusha, waona kitakoni mna nini. Kama ni tope tupu, alhamdulillahi. Kama mna vumbi linalong'aa rangi ya shaba, beringi zinakuaga. Filta yako hiyo mpya ukitaka kuiona ndani yake uikate kwa msumeno. Wangapi wakata?

Niambie jambo moja. Mara hizo tatu ulizobadilisha ringi, mfereji uliuchimba?

Kigari_Kikuukuu

Ami, shikamoo. Niliufuta kwa kitambaa na petroli kila mara. Ulikuwa safi, mweusi, laini kabisa.

Chuma_Kongwe

Marahaba. Mfereji wa aluminiamu wawaje mweusi?

Dizeli_Mtupu

😂😂 Patamu hapo

Kigari_Kikuukuu

Ami, nilidhani ni rangi ya oili iliyoungua.

Chuma_Kongwe

Haya. Hicho kichwa usikiuze, wala usikitupe. Nitapita.

Kisiwani_Garage (Majengo)

Wakati tukimngoja mzee, swali la kwangu. Wateja huniambia wakibadilisha kuwa filta ya kisasa presha inapanda. Kweli?

Binti_Spana

Si kweli. Presha inatoka kwenye pampu na inazuiwa na uwazi wa beringi. Vali inayoipunguza ikizidi iko kwenye pampu, chini kwenye sampu, haijaguswa. Kilichopanda kwa mteja wako ni oili mpya. Ametoa oili nyembamba ya miezi kumi na minane akatia 20W-50 mpya, taa ikaacha kumeta akiwa amesimama. Anasifu filta.

Kisiwani_Garage

Nimekusoma. Na taa kumeta gari likisimama?

Binti_Spana

Ikimeta injini ikiwa moto sana na inazunguka polepole, ukikanyaga kidogo ikazima, kwa injini iliyochoka ni kawaida, ila ni onyo. Ikimeta ukiwa unatembea, zima palepale. Usiseme nitafika.

Kigari_Kikuukuu

Nyongeza, Jumamosi usiku.

Dada Binti_Spana alikuja kweli, na mamangu akamkazania mpaka akala. Tulitoa swichi ya taa tukafunga geji. Lakini hakutaka kupima uani. Akasema twende foleni.

Mnaijua foleni ya feri upande wa Likoni saa kumi na moja jioni. (Mwenye haraka siku hizi apita Dongo Kundu, sisi hatukuwa na haraka.) Jua usoni, matatu mbele, lori la saruji nyuma, wasonga hatua kumi wasimama. Hapo ndipo injini hii hupata moto wake wote, feni yazunguka polepole na upepo hamna. Boneti tuliifunga na mpira wa geji ukapitishwa pembeni mpaka dirishani, dada ameishika geji mkononi kama thamomita ya mgonjwa. Kijana wa njugu akauliza kama twapima gesi.

Gari limesimama, injini yazunguka polepole, moto: sindano kidogo juu ya 15. Akaniambia nikanyage mpaka 2000 kwa kukisia sikio, ikapanda 42, ikakaa. Akasema beringi za mzee zina miaka bado. Chini ya gari alitandaza gazeti kila tuliposimama, makonda wakituchungulia. Gazeti safi, isipokuwa tone moja la nyuma, na hilo ni la gia boksi, tushalizoea.

Tulipoingia ferini nikazima injini, na ule ukimya baada yake jamani.

Dizeli_Mtupu

Gazeti lihifadhiwe makumbusho ya Fort Jesus

Mpita_Njia

Nimefungua yangu, ni o-ringi kweli. Ahsante.

Kigari_Kikuukuu

Nyongeza ya pili, Jumatatu.

Mzee Chuma_Kongwe alipita baada ya alasiri. Alikataa kiti, akakaa kwenye kizingiti. Nikamletea kichwa cha zamani. Hakukitazama sana. Akatoa mfukoni shazia, ile ya kushonea magunia, akaichomeka kwenye ule mfereji wangu "mweusi, laini" kama mtu anayetoa funza kidoleni.

Kwanza kikatoka kipande kama ganda la kombe, kigumu, kilivunjika. Akazunguka pole pole. Kipande baada ya kipande, mpaka akavipanga juu ya kizingiti vikatimia duara. Ringi. Ilikuwa imegeuka ngumu kama ebonaiti (ule mpira mgumu mweusi), imejaza kitako cha mfereji na kulingana nao, ningeapa ni sehemu ya chuma.

Hakusema kitu. Akarudi kuchomeka. Chini yake kulikuwa na nyingine.

Ringi mbili, jamaa. Mimi mara tatu nikiweka ya tatu juu ya hizo mbili, inakaa juu juu bila kuingia mferejini, nikikaza kopo mpaka linapinda, halafu nalaumu Waingereza. Chini ya zote aluminiamu ilitoka inang'aa kama sarafu.

Binti_Spana

Wallahi nilihisi. Sikutaka kusema mbele ya mamako.

Kisiwani_Garage

Kwa hiyo kopo lilikuwa zima?

Kigari_Kikuukuu

Lilikuwa zima. Siku nzima ya bolti, safari tatu za dukani, kumbe kazi ya shazia dakika kumi.

Dizeli_Mtupu

Sasa warudisha?

Kigari_Kikuukuu

Zile bolti mbili nimezipaka grisi ya shaba na nimezifunga, na mimi sizifungui tena mwaka huu. Filta hii naipata hata Jumapili. Ami amechukua kichwa, kopo, bolti yake ndefu na filta mbili za karatasi zilizobaki. Ana Series IIA uani kwake inayovuja palepale, na akaniuliza kama naweza kuja Ijumaa kumshikia tochi, macho ya karibu yamemtoka.

Chuma_Kongwe

Njoo baada ya swala. Na urudishe shazia, umeiacha kwenye dashibodi yako, ni ya mke wangu.